Chungu Chako Bado Ninacho

Wewe Mngoni,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, nilikuwepo wanakufukia, na nilipotupa konzi langu la udongo nilisema kwa sauti afadhali sasa Ifakara tutapumua. Yangu si nzuri, ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne la zamani, uliwahi kusema unafanana na kuku aliyekanyaga majivu akaingia sebuleni. Vumilia. Huna pa kwenda.

Nakuandikia habari ya chungu. Kile cheusi, cha togwa. Bado ninacho. Hakuna mtu wa kwenu aliyekuja kukikomboa, Skola, na mimi nimechoka, tena naogopa.

Nianze na siku ya mazishi, maana wewe hukuiona vizuri, ulikuwa umelala.

Mtani ana kazi yake msibani. Wazee wetu Wapogoro na wazee wenu Wangoni walipigana mpaka mikono ikachoka, wakaona bora wabaki kutukanana. Akifa wa kwenu, mimi nakuja kuwachekesha waliofiwa, wapende wasipende. Mumeo alipofia kule kwenye mashamba ya miwa akaletwa huku, si nilivaa buti zake, nikashika panga lake la kukatia miwa, nikalala mbele ya jeneza nikasema halipiti mpaka nirithishwe mjane? Na wewe na machozi yako yote ukachukua ufagio ukanichapa mbele ya padri. Ukacheka. Mjane wa jana, ukacheka mpaka ukakaa chini. Baadaye uliniambia ulikuwa hujaweza kumeza kitu tangu habari ilipofika, na baada ya kunichapa ndipo uliona njaa.

Basi ilipofika zamu yako nilijiandaa. Nilijifunga kanga yako ya sokoni, nikakalia kigoda chako katikati ya waombolezaji, nikabana pua nikaita kama ulivyokuwa unaita wewe, "Togwa! Togwa ya watu safi! Mpogoro usisogee, kikombe utakiacha na harufu ya mnyororo wa baiskeli!" Wamama wa jumuiya waliinama wakacheka ndani ya vitenge. Mmoja aligalagala kabisa. Lakini vijana wenu waliotoka Dar es Salaam walitoa simu wakaanza kunipiga picha, na yule mpwa wako mwenye suti akaja akanishika mkono, taratibu. "Mzee wangu, tafadhali. Tuko kwenye msiba."

Kwa heshima, Mngoni! Angenisukuma ningemshukuru.

Nikasema moyoni, bado nina dawa. Nikaingia jikoni kwako nikabeba chungu, na togwa ikiwa ndani. Unajua inavyokwenda: mtani akiiba kitu cha marehemu, wenye msiba wanamfukuza, wanamtukana mpaka baba yake, kitu kinakombolewa kwa kuku au kwa sahani ya wali au hata kwa tusi zuri tu, watu wanacheka, na hapo marehemu ameagwa kikamilifu. Nikatoka nacho polepole makusudi, na goti hili langu, nikampitia Digna bintiyo pale alipokaa kwenye mkeka. Nikamwambia, "Nimeiba. Nakwenda kuuza." Akainua macho mekundu. Akasema, "Sawa, baba. Chukua tu."

Chukua tu.

Nilisimama barabarani kwenye nguzo ya umeme nikingoja kufukuzwa. Bajaji zikapita, bodaboda zikapita, mtu mmoja akaniuliza kama togwa inauzwa. Nilisimama mpaka giza likaingia. Asubuhi yake wote walipanda basi wakaenda zao.

Sasa hebu niambie, mtu anafanya nini na kitu alichoiba kwa utani kama mwenyewe hakidai? Si changu. Kurudisha siwezi, nyumba yako imefungwa kufuli. Kukaa nacho ni kusema kwamba Skolastika aliondoka bila kuagwa. Nilikiweka pembeni ya kitanda changu nikakifunua, nikaiona togwa yako ya mwisho, imeanza kutoa mapovu, na hapo hapo nikakumbuka hospitali.

Ulikuwa umelala na mpira puani. Ukanishika shati ukasema, "Mpogoro, nenda ukaikoroge, itakufa." Nikajua ni homa. Nikakujibu utakufa wewe, togwa ina afya kuliko wewe. Ulitabasamu upande mmoja. Hatukuongea tena baada ya hapo, si maneno ya maana.

Sikuwa nimeelewa. Miaka yote tuliyokaa bega kwa bega kwenye kile kibanda cha mabati karibu na stendi, mimi na spana zangu na wewe na ndoo zako, nilikuwa nakuona unabakiza kila siku kikombe kimoja chini ya chungu, hukiuzi hata kwa mtu anayekufa kwa kiu. Nikakuita mchoyo. Kumbe kile kikombe ndicho kilikuwa kinaichachusha ya kesho, na ya kesho inaichachusha ya kesho kutwa, tangu kwa mama yako kule Songea, uliyemwacha ukaondoka na chungu hiki umekipakata mapajani mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi wa miwa. Hukuwahi kukiosha kwa sabuni. Nikisema ni uchafu wa Kingoni ulikuwa unasema, "Uchafu huu una akili kukushinda."

Kwa hiyo nimeanza kupika togwa, Skola. Cheka. Mimi ambaye hata chai naunguza.

Mara ya kwanza nilichemsha uji wa mahindi, nikauipua, nikamwaga kimea chako, ule unga wa ulezi uliochipua, kilichobaki kwenye kopo, hapo hapo, uji unatokota. Nikangoja ulainike kama ulivyokuwa unalainika kwako, ule uji mzito unageuka maji maji mtu akiuangalia. Wapi. Uliganda vile vile. Mkwe wangu Mama Neema akachungulia akasema, "Baba, huo ni uji wa mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ataukataa." Nilikuwa nimekiua kimea kwa moto.

Nikakaa nikafikiri. Wewe ulikuwa unafanyaje jioni pale kibandani? Ulikuwa unaipua sufuria, unaiweka chini, halafu unanigeukia. Unaanza na miguu yangu. Unahamia kwenye baiskeli nilizoharibu, kisha kwenye marehemu baba yangu na pua yake, kisha kwenye Wapogoro wote kuanzia Mahenge mpaka mtoni. Mimi nakujibu. Mpaka tumechoka, unachovya kidole kwenye uji, unalamba, unasema "haya", unatia kimea. Miaka yote nilidhani unapoteza muda kwa sababu unanipenda kidogo. Kumbe uji ulikuwa unapoa! Nilikuwa saa yako, Mngoni. Hukuniambia.

Siku hizi nikiipua naiweka chini, nakaa kwenye ndoo, nakutukana peke yangu. Naanza na meno yako. Mama Neema amewaambia majirani kwamba baba ameanza kuchanganyikiwa, ameoa chungu. Juzi nilimkuta amekishika, ana sabuni na waya wa kusugulia, anasema anakisaidia. Nilipiga kelele ambayo sijapiga tangu nilipoumwa na nge. Maskini, alikaribia kukiangusha. Ndiyo hivyo nilivyo sasa. Kitu cha kuchekesha kimegeuka kitu ninachokilinda kama benki.

Kimea kikaisha. Nikapanda baiskeli mpaka Kisawasawa kwa yule mama uliyekuwa unanunua ulezi kwake, akaniuliza uko wapi, ikabidi nimwambie mimi. Alinipimia ulezi akilia, akasahau kufunga mfuko. Nikauloweka, nikaufunika kwa plastiki, ukaota ukungu wa kijani. Kumbe unafunikwa kwa majani ya mgomba. Nikauloweka mwingine, ukachipua vizuri, vimizizi vyeupe kama ndevu zangu, nikauanika juani, kuku wa Mama Neema wakaona ni harusi yao. Wa tatu niliukalia mwenyewe na fimbo kama askari wa mahakama, mawingu yakija naingiza, yakiondoka natoa. Nikausaga kwenye jiwe lako, nililiiba nalo. Hilo hata wewe hukujua.

Togwa ikapatikana. Siyo yako. Ina uchungu fulani nyuma ya ulimi, na siku nyingine inawahi kuchacha, ikilala mara mbili inaanza kuwa na mawazo ya pombe. Lakini inakaa hai.

Pale kibandani hali si nzuri. Kwenye nafasi yako kuna kijana anauza vile vinywaji vya kopo vya kumfanya mtu asilale, na kigoda chako amekiwekea spika. Nilimwambia togwa iliyokuwa hapa ilikuwa inaamsha watu bila kupiga kelele. Akanijibu, "Poa, babu." Waendesha bodaboda waliokuwa wanakunywa kwako asubuhi kabla ya kula chochote sasa wanakunywa makopo, wana mikono inatetemeka kama mimi, na wao hawana hata umri wa kutetemeka.

Salumu wa duka ndiye pekee anayeulizia. Si unajua alivyokuwa anafuturu kwa togwa yako, mtu wa pwani mzima, halafu anauliza kila mwaka, "Mama Digna, hii si pombe lakini?" na wewe unamjibu, "Ukilewa kwa hii, Salumu, umekuja umelewa." Alinipa kopo limetoka nje ya nchi, kinywaji cha kimea cha shayiri, limeandikwa halina kilevi. Nikaonja. Kama mtu amechemsha mkate akauogopa. Halafu akanionyesha kwenye simu yake mambo ya dunia. Kumbe hatuko peke yetu! Zambia wanayo yao, wanatia mizizi ya porini. Nigeria wanayo ya mtama na tangawizi. Waturuki wanayo nzito wanaila kwa kijiko. Na kuna Wakorea, Skola, wanachukua wali, wali mweupe kabisa, wanautia kimea, unakuwa mtamu, wanakunywa baridi. Sisi huku mpunga umetujaa mpaka masikioni, malori yanatoka Mchombe yamelemewa, na hatujawahi kufikiria. Nikataka kukimbia nikuambie. Niliinuka kabisa kwenye benchi la Salumu. Nikasimama. Nikakaa tena. Salumu akajifanya anahesabu sabuni.

Hapo ndipo niliona kwamba jambo hili si mchezo tena.

Nilimpigia Digna. Nilipiga siku nyingi, anapokea kwa adabu, yuko ofisini Dodoma, anasema, "Shikamoo baba, habari za huko." Namwambia njoo ukomboe chungu. Anasema, "Baba, kama kinakusumbua kitupe tu, usijali." Namwambia nitakitumia kufugia chura. Anasema sawa. Hakuna ukuta mbaya kama mtoto mwenye adabu.

Mimi umri huu ninajua unapoelekea. Kifua usiku kinapiga filimbi. Nikiondoka, Mama Neema atakipandia maua, na si mtu mbaya, atakipandia maua kwa upendo. Na wewe je? Mtu ambaye mtani wake hakufukuzwa anakaa wapi? Padri sijamuuliza, atasema ni upagani halafu ataomba kikombe.

Digna alikuja, kusimamisha msalaba na kusakafia kaburi lako. Amefanana na wewe mpaka nikakasirika. Nilimwekea mtego. Nilimpa togwa kwenye kikombe chako cha bati, ile iliyolala mara tatu, kali ya kumpigisha mbuzi chafya. Nikasubiri. Akanywa. Jicho moja likafumba lenyewe. Akasema, "Nzuri sana, baba. Asante."

Nilitaka kulia hapo hapo.

Nikamkalisha nikamweleza yote, ufagio na padri na buti za baba yake, jinsi kitu kinavyoibwa na jinsi kinavyokombolewa. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema, "Mimi hayo sikuyajua. Mama alinipeleka bweni nikiwa mdogo. Wewe ni kama baba yangu, nikikutukana nitajisikia vibaya." Nikamwambia jaribu, hata dogo, la kuanzia. Akafikiri. Akakunja kanga. Akasema, "Wewe… mzee… mbaya."

Niliwahurumia Wangoni wote, walio hai na walio chini.

Akaanza kulia. Chungu sikumpa. Angekipokea kama mzigo, akakiweka juu ya kabati. Nilimjazia togwa kwenye chupa ya soda, iliyokuwa bado changa, inachacha na kutoa mapovu, aipakie kwenye mkoba akanywe Dodoma. Nikamwambia asikaze kifuniko, aache hewa itoke. Nilimwambia, naapa. Nilimwambia kwa Kipogoro.

Basi likaondoka. Nikarudi kibandani nikashika baiskeli ya mtu nikasahau nilikuwa nafanya nini nayo.

Hawajafika hata Mikumi, simu ikalia. Nikaipokea. Hakuna shikamoo.

"Wewe Mpogoro! Mzee mchawi wewe! Umenipa nini? Imelipuka! Imelipuka ndani ya basi, dereva amesimamisha gari anadhani ni tairi! Imemwagikia mtawa, sista wa watu ameoga togwa mpaka kwenye rozari! Nguo zangu za kazini! Kichwa chako kama tandiko la baiskeli lililonyeshewa, ndevu kama ulezi uliooza, na hiyo togwa yenyewe ilikuwa mbaya, nilikudanganya, ilikuwa mbaya, kama mtu amelowekea soksi za Wapogoro wote, mama angekuona angekumwagia kichwani! Nakuja kuchukua chungu cha mama yangu! Umesikia? Nikija likizo nakichukua, na nikikuta umekiosha nitakufunika nacho uchipue!"

Nikasikia pumzi. Nikasikia watu wa basini wanacheka, na sista naye anacheka, halafu Digna akacheka, kicheko chako kile cha kukaa chini, na kikageuka kilio, na hakukata simu. Tulikaa hivyo, yeye huko na mimi huku nimeshika spana. Sikumjibu tusi. Nilishindwa. Andika hilo popote ulipo: mara moja Mpogoro alishindwa.

Skola, kuna neno pale hukuwahi kunitukana hata wewe. Kichwa kama tandiko lililonyeshewa. Amelitunga mwenyewe.

Sasa sijui likizo yake ni lini, na ofisi ni ofisi, wanaweza kumnyima. Mvua imekaza, ulezi haukauki, jana nilikausha kidogo kidogo juu ya kikaango na nusu nikaunguza. Mkono wa kushoto umeanza kudondosha vitu. Lakini kikombe cha chini kipo, hakijakauka hata siku moja. Nakuahidi hiki kimoja tu, sina kingine cha kuahidi: atakapokuja atakikuta hai, na nitamwonyesha kupika pale pale kibandani, hata kama ni kwa kumhamisha yule kijana na spika yake. Nikifa kabla, nimeshamwambia Mama Neema, akaapa kwa mwanawe Neema kwamba hakitaguswa na sabuni. Alinionea huruma sana wakati anaapa. Sijali.

Na ukiona nachelewa kuja huko, usidhani nakuogopa.

Haya, kwa heri, Mngoni wangu. Barua hii nitakusomea Jumapili nikijifanya nang'oa majani kwenye sakafu yako mpya, ingawa sakafu haina majani, wacha wafikiri wanavyotaka. Sasa nimeshaipua sufuria, iko chini hapa miguuni, moshi unaingia machoni. Ngoja nikutukane kidogo uji upoe.

Mtani wako,
Kanuti